Jinsi ya Kuandika Mashairi ya Wimbo Yanayoeleweka na Yenye Ukweli: Mwongozo Kamili

Anayesikiliza wimbo hana nafasi ya kurudi nyuma. Msomaji akikwama kwenye sentensi huirudia, lakini msikilizaji ameshapitwa. Mstari wa pili unamkuta bado anahangaika na wa kwanza, wa tatu unapita bila kusikika, na baada ya hapo anabaki na mdundo tu. Kwa hiyo kueleweka ni jambo la kwanza, na mtunzi hawezi kuliachia sauti nzuri au prodyuza hodari.

Jambo la pili ni ukweli, na hapa ndipo nyimbo nyingi zinapoangukia. Watunzi wengi wana maneno ya kutosha. Tatizo ni kwamba mtunzi anajipendelea. Anajiweka upande wa aliyeonewa, analia kwa sauti kubwa, na anaacha nje lile jambo moja ambalo lingemfanya msikilizaji amwamini. Karibu kila hatua iliyomo humu ni njia ya kulirudisha jambo hilo ndani ya wimbo.

Tutafuata wimbo mmoja wa kubuni tangu rasimu mbovu hadi mistari iliyokamilika. Mtunzi wetu amegombana na kaka yake, na ameandika hivi:

Moyo wangu waumia, machozi yatiririka,
Ndugu umenikimbia, upendo umekatika,
Usiku nafikiria, mchana nasononeka,
Lini utanirudia, furaha iweze fika.

Kwa kanuni za ushairi ubeti huu umetimia. Ni tarbia: mishororo (mistari) 4, kila mshororo mizani (silabi) 16 iliyogawanyika 8 kwa 8, na vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vya kati -a, vya mwisho -ka. Hata hivyo hakuna kilichosemwa. Aliyekimbia ni ndugu, mchumba au marehemu? Alikimbia kwa nini? Ukilibadilisha neno "ndugu" ukaweka "mpenzi", wimbo mzima unabaki vilevile, na hiyo ni dalili kwamba maneno hayakutoka kwenye tukio lolote. Yametoka kwenye ghala la maneno ambayo kila mtu ameshayaimba.

Hatua ya 1: Andika kilichotokea, usiandike wimbo

Weka mdundo kando. Chukua karatasi uandike habari yote kwa lugha ya kawaida, kama unavyomsimulia mtu unayemwamini. Usitafute vina, usihesabu mizani. Jiwekee sharti moja gumu: usitumie neno lolote linalotaja hisia. Upendo, maumivu, huzuni, furaha, upweke na moyo, yote yakae nje. Andika watu walifanya nini, walisema nini, walishika nini mkononi, na ilikuwa siku gani.

Kabla hujamaliza, hakikisha karatasi inajibu maswali haya:

- Ni nani anayeongea, na anaongea na nani hasa?
- Kwa nini anaongea leo, siyo mwezi uliopita?
- Anataka yule mwingine afanye nini?
- Yeye mwenyewe alifanya nini ambacho asingependa kijulikane?

Swali la mwisho ndilo linalouma, na ndilo lenye faida kuliko yote. Mtunzi wetu akijibu kwa uaminifu, karatasi yake inasomeka hivi: "Nilimkopa kaka pesa. Nikamwambia nitarudisha Jumamosi. Jumamosi ikafika sina kitu, sikumwambia. Akaanza kupiga simu, nikaacha kupokea. Juzi usiku alipiga nimelala, nikaifunika simu kwa mto mpaka ikanyamaza."

Tazama kilichotokea. Kwenye ule ubeti wa kwanza kaka ndiye aliyekimbia. Kwenye karatasi, anayekimbia ni mwimbaji. Wimbo ulikuwa umegeuza kesi. Sasa tuna habari ambayo msikilizaji yeyote aliyewahi kudaiwa ataitambua papo hapo, na mto juu ya simu una nguvu kuliko machozi yote yanayotiririka.

Hilo halina maana kwamba kila wimbo lazima uwe maisha yako. Unaweza kuimba kwa kinywa cha mama, cha mlevi, au cha mtoto aliyehamishwa shule. Nafsi ya kubuni si uongo. Uongo ni kumpa nafsi hiyo hisia bila kujua siku yake inavyokwenda. Ukiimba kama mtu mwingine, kaa na watu wa aina hiyo usikilize wanavyoongea, kisha ujaze karatasi ileile, pamoja na lile swali la mwisho.

Hatua ya 2: Sema wimbo mzima kwa sentensi moja

Soma ulichoandika kisha useme, kwa sentensi moja ya mazungumzo, wimbo huu unasema nini. Kwa mfano wetu: "Ninamkwepa kaka yangu kwa sababu nina deni lake, na aibu imekua kuliko deni." Kama sentensi yako ina "na pia" mbili au tatu, una nyimbo mbili au tatu. Chagua mmoja, mwingine utauandika baadaye.

Sentensi hii haiingii kwenye wimbo. Ibandike mahali unapoiona. Kila mstari utakaoandika utakuja kuulizwa: unasaidia hii, au umekuja kwa sababu unapendeza?

Hatua ya 3: Pata kiitikio, kisha ukijaribu kwa ukweli

Kiitikio ndicho watu watakachobaki nacho, hivyo kinastahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kiwe kifupi, kiwe na maneno ambayo mtu hutamka kweli akiongea, na kisimame chenyewe bila kuhitaji ubeti ukieleze.

Mtunzi wetu anapata hiki:

Si pesa ninayokwepa,
ni uso wako, kakangu.

Kinavutia. Kina mpinduko, kinaimbika, na ukikisikia mara moja kinakaa. Watunzi wengi wangeshangilia na kusonga mbele. Lakini kirudishe kwenye karatasi. Je, ni kweli si pesa? Deni halijalipwa. Kaka akisikia mstari huu atauliza, kwa haki kabisa, "Kwa hiyo pesa yangu umeisamehe wewe?" Mstari umejipa utakatifu ambao mwimbaji hana. Umeligeuza deni kuwa jambo dogo kwa kuwa kufanya hivyo kunasikika vizuri.

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: chukua mstari umwazie yule anayehusika amekaa mbele yako. Unaweza kumwambia maneno haya usoni bila yeye kukukatiza? Kama angekukatiza, mstari una uongo ndani yake, hata kama ni mzuri namna gani. Tunaurekebisha:

Bado nadaiwa, kaka,
na uso wako nakwepa.

Umepoteza kidogo ule mng'ao wa "si hili, ni lile". Badala yake unakubali mambo mawili kwa pamoja, deni na aibu, na hauombi kuhurumiwa. Kaka hana pa kukatizia.

Mistari ya mtindo wa "si... ni..." iangalie kwa makini kila inapokujia. Huja haraka kwa sababu umbo lake lenyewe linasikika kama hekima, na mara nyingi ile sehemu ya "si" inakana jambo ambalo ni kweli.

Hatua ya 4: Jenga beti kwa matendo

Sasa rudi kwenye karatasi uchague vitu viwili au vitatu vinavyoonekana. Kila ubeti upewe kitu kimoja. Usirundike. Mtunzi wetu anachukua simu na mto kwa ubeti wa kwanza:

Simu inaita tena,
nimeiona, ni wewe.
Naifunika kwa mto
hadi ukate mwenyewe.

Kwa ubeti wa pili anachukua ahadi:

Nilisema Jumamosi,
Jumamosi ikapita.
Nikikuona kwa mbali
najibanza, unapita.

Kila mstari una mizani 8, na kina kinaangukia mstari wa pili na wa nne tu. Nimeacha kwa makusudi vina vya kati vya ule ubeti wa mwanzo. Vina vingi vinamfunga mtunzi anayeanza, mwisho wake anasema kile ambacho kina kinataka. Akishazoea anaweza kuvirudisha.

Hakuna hisia hata moja iliyotajwa kwenye mistari hii minane, na bado hakuna msikilizaji atakayeuliza mtu huyu anajisikiaje. Siku imepita, na kaka naye anapita. Neno lilelile limebeba mambo mawili, nalo halikulazimishwa. Lilikuwa tayari kwenye habari yenyewe.

Ubeti wa tatu una kazi tofauti. Wimbo ambao ubeti wake wa tatu unarudia hali ya wa kwanza kwa maneno mapya humchosha mtu bila yeye kujua kwa nini. Kitu lazima kihame: muda, mahali, au msimamo wa mwimbaji. Jiulize nini kinafuata ikiwa hakuna anayebadilika. Hapa, jibu ni kwamba kaka atachoka kupiga.

Leo hukupiga simu
na mimi nimesubiri.
Nimeiweka mezani,
kioo juu, tayari.

Ile simu iliyofichwa chini ya mto sasa iko wazi mezani. Kisha kiitikio kinarudi bila kubadilishwa hata neno. "Bado nadaiwa, kaka" mara ya kwanza ilikuwa sauti ya mtu anayejificha. Sasa ni sauti ya mtu anayetamani kutafutwa. Usihangaike kuandika kiitikio kipya ili wimbo ukue. Badilisha kinachotangulia, kiitikio kitabadilika chenyewe.

Hatua ya 5: Mizani, mkazo na pumzi

Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, kwa hiyo kuhesabu ni rahisi. Kumbuka tu kwamba "m" au "n" ikisimama peke yake mbele ya konsonanti huhesabiwa: mto ni m-to, mizani 2, nchi ni n-chi, mizani 2. Lakini ndugu ni ndu-gu, na mwenyewe ni mwe-nye-we.

Ukiandika juu ya mdundo uliokwisha tengenezwa, pima kasi yake. Mdundo wa mapigo 90 kwa dakika, wenye mapigo 4 kwa kila hesabu, unakupa takriban sekunde 2.7 kwa hesabu moja. Mizani 8 humo ni silabi 3 kwa sekunde, na mtu anaelewa kila neno. Mizani 16 ni silabi 6 kwa sekunde, kasi ya mtu anayeongea harakaharaka. Anayechana mistari anaiweza, lakini inamdai atamke kwa ukali na achague maneno mafupi. Kama wimbo wako unategemea neno moja muhimu, usilitupe katikati ya kasi hiyo.

Mkazo nao ni suala zito. Katika maneno yetu mengi mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: PE-sa, na-KWE-pa, ka-KA-ngu. Muziki una mapigo yake mazito, na mapigo hayo yakiangukia silabi isiyo na mkazo, msikilizaji anasikia neno geni. Imba "nakwepa" ukiivuta na kuikandamiza ile "pa", utaona jinsi neno linavyoharibika. Ukibadilisha neno kwa kuliongezea kiambishi mwishoni, mkazo unahama nalo: NGO-ja huwa ngo-JE-ni. Kwa hiyo kila unapobadili neno ili mizani itimie, liimbe tena ndani ya muziki. Kuhesabu kwa vidole hakutoshi.

Angalia pia irabu zinapokutana. Kwenye "na uso wako", mwimbaji mwenye haraka humeza irabu moja ikatoka "nuso wako". Mstari unabaki na mizani 7 na neno uso, ambalo ndilo kiini cha kiitikio, linapotea. Dawa yake ni kupumua kabla ya mstari huo na kuitamka "u" kwa nafasi yake. Irabu za noti za juu nazo zichague kwa busara. Waimbaji wengi huona "a" ni rahisi kuishikilia juu kuliko "i" au "u", ambazo hubana koo. Kama neno lako zito linaishia na "i" na melodia inapanda hapo, badilisha melodia au upange upya mstari.

Hatua ya 6: Safisha vina na maneno ya kulazimisha

Lugha yetu ina vina vingi mno, na wingi huo ni mtego. Vitenzi vinavyoishia -ia, -ika, -ana na -ewa vinaweza kujaza ukurasa mzima bila jasho. Pitia rasimu yako upige mstari chini ya kila neno la mwisho. Kwa kila moja jiulize: ningelitumia neno hili kama kina kisingelitaka? Katika ule ubeti wa mwanzo, "nasononeka" na "fika" yamekuja kwa sababu ya -ka tu.

Jozi zilizochakaa, kama mapenzi na mwenzi au moyo na choyo, si marufuku. Kwenye wimbo wetu mna "wewe" na "mwenyewe", jozi iliyozeeka kabisa. Imebaki kwa sababu mistari yote miwili inaihitaji: lazima tujue anayepiga ni nani, na lazima tujue ni yeye atakayekata simu. Kina kikibeba tukio, uzee wake hausikiki.

Uhuru wa mtunzi wa kufupisha au kurefusha maneno, inkisari na mazida, ni wa halali na una historia ndefu kwenye ushairi. Kwenye wimbo wa kusikilizwa mara moja, tumia kwa uchache. "Furaha iweze fika" imekatwa "ku" ili mizani zitimie, na msikilizaji anabaki akijiuliza kama amesikia vizuri. Kugeuza mpangilio wa maneno vivyo hivyo. "Na uso wako nakwepa" imegeuzwa, lakini kwa kiasi ambacho hata mtu anayeongea kwa uchungu hufanya. Ukianza kugeuza mpaka mtu hajui nani amemfanya nani nini, rudi kwenye sentensi ya kawaida na utafute kina kingine.

Hatua ya 7: Hakikisha anajulikana nani ni nani

Kiambishi "a" kinamhusu yeyote: baba, mama, adui, mtoto. Wimbo wenye "alinipenda, akamchukia, akaondoka" tayari umempoteza msikilizaji. Mtaje mtu kwa nafasi yake mapema, kisha ubaki na nafsi moja. Wimbo wetu unasema "wewe" mwanzo hadi mwisho, na neno "kaka" liko kwenye kiitikio ili linalorudiwa ndilo linaloeleza uhusiano.

Picha za mafumbo ziwe chache. Ukianza na safari ya baharini, usimalizie na ndege aliyevunjika bawa. Fumbo moja likifuatwa hadi mwisho huangaza. Matatu yakigombania ubeti mmoja huzimana. Na kama tukio lenyewe linatosha, kama simu chini ya mto, huhitaji fumbo.

Hatua ya 8: Linda watu waliomo

Ukweli wa wimbo haudai kutaja jina la mtu, mahali anapoishi wala siri aliyokuambia kwa kuaminiana. Badilisha vitambulisho, uache tendo. Siku ikiwa Jumanne kwa kweli na wewe ukaandika Jumamosi, hujadanganya. Ukibadilisha nani alimkosea nani, umedanganya. Na kama habari ni ya mtu mwingine na bado yuko ndani ya maumivu yake, mwombe ruhusa. Akikataa, kubali, hata kama ndio mstari wako bora.

Hatua ya 9: Jaribu kwa masikio ya wengine

Imba wimbo bila ala yoyote na ujirekodi kwa simu. Usikilize kesho yake, siyo siku hiyohiyo. Kisha mtafute mtu asiyejua habari hiyo. Usimpe karatasi, usimweleze chochote kabla, na usimuulize kama ni mzuri, maana atakupa jibu la adabu. Muimbie mara moja tu, umwombe akusimulie kilichotokea kwenye wimbo.

Sikiliza anapositasita. Akisema "kuna mtu ana deni, anamkwepa kaka yake, halafu mwishoni anatamani apigiwe", umefaulu. Akisema "ni wimbo wa huzuni", amesikia sauti yako lakini hakusikia maneno. Rudi kwenye ubeti wa kwanza, kwani mara nyingi hapo ndipo alipopotea. Akikusimulia jambo ambalo hukuliandika, usimbishie. Muulize ni neno gani lililompeleka huko, kisha uamue kama neno hilo libaki.

Fanya hivyo na watu wawili au watatu tofauti, ikiwezekana mmoja asiyependa aina yako ya muziki. Wakikwama wote mahali pamoja, hapo pana kasoro, hata kama wewe unapapenda. Wakikwama kila mmoja mahali pake, usibadilishe kila kitu ili kuwaridhisha. Irudie ile sentensi uliyoibandika uone ni nani kati yao aliyeukaribia wimbo wako.

Kabla ya kwenda studio, andika maneno yote kwenye ukurasa mmoja safi, uweke alama pa kuvuta pumzi, na uchore mstari chini ya silabi zenye pigo zito. Nakala hiyohiyo ndiyo apewe prodyuza na anayeitikia. Ikitokea mnabadilisha neno mbele ya kipaza sauti, imbeni ubeti mzima pamoja na kiitikio kabla ya kurekodi, kwa sababu neno moja jipya linaweza kuhamisha mkazo, kumeza irabu ya jirani, au kurudisha ule uongo mliokwisha kuuondoa.